Kutoka Mikindani hadi Kilwa: Nyumba za ibada zinazopambana na bahari

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

ABIRIA anayepanda basi la alfajiri mjini Mtwara kuelekea Lindi na Dar es Salaam huifikia Mikindani kabla hajajiweka sawa kitini. Ni mwendo wa kilometa 10 hivi. Ghuba inafunguka ghafla, maji yake yametulia kama bwawa, na karibu na maji hayo zinaonekana nyumba za kale za mawe ya matumbawe. Baadhi zimekarabatiwa, nyingine zimebaki kuta tu zenye miti inayoota juu yake. Dakika chache baadaye mji umeshapita.

Wasafiri wengi hawashuki. Wanaoshuka aghalabu huulizia mambo mawili: nyumba inayohusishwa na Dk. David Livingstone, na Boma la Wajerumani. Jambo la tatu, ambalo ni kongwe kuliko hayo yote, huulizwa kwa nadra. Nalo ni desturi ya watu wa pwani hii ya kujenga nyumba za ibada pembezoni mwa bahari, kwa mawe yaliyotoka baharini, ambazo leo bahari hiyo hiyo inazidai.

Makala haya yanaeleza kwa nini nyumba hizo zilijengwa mahali zilipo, zinatembelewa vipi bila kuwakwaza wenyeji, na kwa nini kuzikarabati si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Kubwa kuliko zote iko mkoa jirani wa Lindi, katika kisiwa cha Kilwa, na huko ndiko safari yetu itakakoishia. Inafaa ianzie Mtwara, kwa sababu vitu viwili vinavyozishikilia kuta za huko, yaani chokaa na boriti za mikoko, ndivyo ambavyo pwani ya Mikindani na Ruvuma imevitoa kwa vizazi vingi, na ndivyo ambavyo sasa haviwezi kuchukuliwa ovyo.

Mji uliopitwa njiani

Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi 1866. Hakuwa amekusudia kuanzia hapo. Alitaka kuingia bara kupitia mdomo wa Mto Ruvuma, ambao alikwisha kuupima katika safari zake za 1861 na 1862. Lakini safari hii alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na ukuta wa mikoko kwenye mlango wa mto haukumpa mahali pa kuwashusha. Meli ikageuka kaskazini hadi kwenye bandari tulivu ya Mikindani. Aliondoka hapo mwezi uliofuata kuelekea bara, na hakurudi tena pwani akiwa hai. Alifariki dunia mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Wakati huo Mikindani ilikuwa tayari mji wa zamani. Uchunguzi wa wataalamu wa mambo ya kale katika miaka ya 2000 umeonyesha kuwa watu waliishi kuizunguka ghuba hii tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo. Umeonyesha pia kuwa kwa karne kadhaa vyungu vyao vilifanana zaidi na vile vya watu wa bara kuliko vya Kilwa, na kwamba bidhaa za ng'ambo zilikuwa chache kwao wakati Kilwa ikizidi kutajirika. Kwa maneno mengine, si kila mji wa pwani ulikuwa nakala ndogo ya Kilwa. Mikindani iliegemea bara, kwa watu wa uwanda wa Makonde na bonde la Ruvuma, na ndiyo maana hata leo asiyejua Kimakonde huweza kujikuta mgeni katika mji unaoitwa wa Kiswahili.

Wajerumani walijenga Boma lao mwaka 1895. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, ulioanza 1947, na mradi huo ulihitaji bandari yenye kina kirefu. Ikachaguliwa Mtwara, ikajengwa gati na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikukubali, reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ilibaki, na wafanyabiashara walikwisha kuhama. Mikindani ikabaki na majumba yasiyo na wenye fedha. Boma lilipata bahati mwishoni mwa miaka ya 1990 pale shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kulifanya hoteli. Majengo mengine mengi hayakupata mfadhili.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo wasomaji wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo, hata liwe la fahari kiasi gani, hulindwa pale tu linapotangazwa rasmi. Msikiti wa karne ya 14 uko ndani ya ulinzi huo hata kama umebaki ukuta mmoja kichakani. Nyumba ya mfanyabiashara ya mwaka 1890 haimo, mpaka mtu aandike barua na waziri atie saini.

Kwa nini ufukweni?

Mgeni wa kutoka bara huuliza swali hili mapema, na ni swali la haki. Kwa nini wajenzi waliweka nyumba ya Mungu mahali ambapo chumvi inakula ukuta na mawimbi yanapiga msingi?

Jibu la kwanza ni kwamba kwa watu wale bahari ndiyo iliyokuwa barabara. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi miezi kadhaa baadaye. Baharia aliyekuwa majini kwa wiki nyingi alihitaji alama ya kumwambia kwamba amefika kwa watu wa imani yake, na ukuta mweupe wa chokaa ulionekana kutoka mbali. Alihitaji pia maji ya kisima, na mahali pa kushukuru. Msikiti wa ufukweni ulimpa vyote vitatu.

Jibu la pili halimo katika vitabu vya usanifu, lakini mtu yeyote aliyekulia pwani analijua. Kabla ya Uislamu kuenea, na hata sambamba nao baadaye, watu wa mwambao huu walikuwa na mahali pao patakatifu: mapango, mibuyu mikubwa, vichaka visivyokatwa, na makaburi ya watu walioheshimiwa. Katika mzimu wa namna hiyo utakuta vitambaa vyeupe, vyekundu au vyeusi vimefungwa, chupa ya marashi, mabaki ya ubani na udi, pengine sarafu. Mapango ya Amboni jijini Tanga yana sehemu kama hiyo, na watalii hupitishwa hapo wakaoneshwa sadaka za watu waliokuja kuomba mtoto au afya. Kusini mwa Mombasa, nchini Kenya, msitu wa Kaya Kinondo wa Wadigo uko hatua chache tu kutoka ufukwe wa Diani, na mgeni haruhusiwi kuingia mpaka afungwe kaniki nyeusi kiunoni. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Masheikh wengi hawaungi mkono mambo ya mizimu, na mwandishi huyu hana nia ya kuamua kesi hiyo. La kuzingatia ni kwamba kwa mkazi wa pwani mahali patakatifu hapafi kwa sababu tu paa limeanguka. Huko Songo Mnara, karibu na Kilwa, watafiti waliochimba kuanzia mwaka 2009 walikuta sarafu na vijiwe vilivyoachwa kwenye makaburi na watu wa karne ya 14 na 15. Anayedhani kwamba magofu ni mawe matupu hukosea hapo, na hukosea kwa namna inayowaumiza wenyeji: hukalia kaburi akipumzika, au hupanda juu ya kibla kupiga picha.

Wajapani nao wana bahari yao

Ili kuona kuwa jambo hili si la Waswahili peke yao, inafaa kuangalia mbali kidogo. Nchini Japani, katika Ghuba ya Hiroshima, kipo kisiwa cha Miyajima chenye hekalu la Itsukushima la dini ya asili ya Kijapani iitwayo Shinto. Sura yake ya sasa inatokana na ujenzi wa mwaka 1168, wakati mtawala Taira no Kiyomori alipolipanua. Kisiwa chenyewe kilihesabiwa kuwa kitakatifu mno, kiasi kwamba watu wa kawaida hawakuruhusiwa kukikanyaga. Kwa hiyo hekalu lilijengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na lango lake kubwa jekundu likasimamishwa baharini, ili mwenye kuja kusali apite chini yake akiwa ndani ya mashua.

Lango hilo lina urefu wa meta 16 hivi, na la sasa ni la mwaka 1875. Halikuchimbiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Maji yakitoka, wageni hutembea kwa miguu hadi penye nguzo zake, na kwa miaka mingi baadhi yao walichomeka sarafu kwenye nyufa za mbao wakiomba baraka, mpaka wasimamizi wakawasihi waache, kwa kuwa zinaharibu mti. Kabla ya kuingia katika hekalu lolote la Shinto mgeni hunawa mikono na kusukutua kinywa penye birika la mawe. Msomaji Mwislamu hahitaji kuelezwa maana ya hilo.

Septemba 2004 kimbunga kilibomoa sehemu ya majengo ya Itsukushima. Yalirudishwa. Kati ya mwaka 2019 na 2022 lango lilifungwa ndani ya jukwaa la mafundi, likatibiwa mbao na kupakwa rangi upya. Katika mwaka huo huo wa 2004 UNESCO, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ilichukua miaka 10 kuyatoa. Tofauti kati ya sehemu hizi mbili haitokani na ukali wa bahari. Hekalu la Japani lina waumini, makuhani na fedha za mahujaji kila siku, na mafundi hawajawahi kupoteza ujuzi wa kulitengeneza. Msikiti wa Kilwa ulipoteza wote hao.

Msikiti uliowahi kuanguka

Kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilometa 250 kwa barabara. Kutoka gati la Masoko kisiwa kinaonekana ng'ambo ya mlango wa bahari wa kilometa mbili hivi. Mashua ikikaribia, kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome ambayo Wareno waliianzisha mwaka 1505 walipouteka mji, wakaiacha mwaka 1512. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya Waomani wa karne kadhaa baadaye. Msikiti Mkuu uko nyuma, miongoni mwa mibuyu na mashamba ya wanakijiji.

Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, ya karne ya 11 au 12. Ni chumba kimoja kilichoezekwa chote, bila ua wa wazi katikati, jambo ambalo lilikuwa geni katika misikiti ya Kiislamu ya wakati huo lakini lina mantiki kwa mtu aliyewahi kusimama nje Kilwa mwezi Aprili wakati wa masika. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyejenga pia kasri la Husuni Kubwa, aliongeza ukumbi mkubwa upande wa kusini, wenye kuba na nguzo zilizochongwa kila moja kutoka jiwe moja la matumbawe. Fedha alikuwa nazo. Dhahabu kutoka bara la Zimbabwe ilipitia Sofala na kulipiwa ushuru Kilwa. Sarafu yenye jina lake imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu wake.

Kisha ukumbi huo ukaanguka. Hili ndilo jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka, nalo lastahili kusimamiwa. Nguzo za jiwe moja zilipendeza lakini hazikumudu mzigo wa kuba. Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba msikiti ulikaa ukiwa umebomoka kwa muda mrefu na watu wakasali chini ya mahema na vivuli vya muda, wakati mji ukiwa umepungukiwa. Ulijengwa tena katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na safari hii mafundi hawakurudia kosa: waliweka nguzo nene za mawe na chokaa. Nguzo hizo ndizo mgeni anazopita katikati yake leo.

Kwa hiyo msikiti tunaouona si masalia ya ujenzi mmoja wa watu wa ajabu waliotoweka. Ni kazi ya matengenezo. Uliwahi kuwa gofu miaka 600 iliyopita, wenyewe wakaufufua kwa sababu walikuwa wakiuhitaji kwa swala ya Ijumaa.

Ukiwa ndani, tazama juu. Kuba zilizosalia hazifanani na paa la mtu aliyebanwa na hesabu. Nje, sehemu ya kutawadhia, yapo mawe yaliyowekwa kwa ajili ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia. Ni kitu kidogo, lakini kwa mwandishi huyu kinaeleza watu wale kuliko kuba lolote. Hatua chache kutoka hapo upo msikiti mdogo wa kuba, ambao umehifadhika vizuri zaidi kuliko ule mkubwa, na ambao mabakuli ya kauri yalipachikwa kwenye dari yake kama mapambo. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, ndiye aliyeipanga historia ya majengo hayo kwa tarehe tunazozitumia hadi leo.

Kwa anayetaka kuona msikiti wa umri huo ambao haukuwahi kuachwa, itabidi avuke hadi Unguja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini kibla chenye maandishi hayo kikabaki. Ukiuona kwa nje na bati lake unaweza kuupita ukidhani ni msikiti wa kawaida wa kijiji. Watu wanasali humo, na ndiyo sababu una bati.

Chokaa inatoka wapi?

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo, ambacho kinairudisha habari hii Mtwara.

Kuta za misikiti ya kale ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na kusiribwa kwa chokaa. Mawe ya kawaida ya ukuta yalichimbwa nchi kavu, kwenye miamba iliyowahi kuwa chini ya bahari zama za kale. Ya kuchonga, kama yale ya kibla na fremu za milango, yalikatwa baharini yakiwa hai, maana yanapotoka majini ni laini na huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa magumu. Dari ziliegemea boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: meta mbili na nusu hadi tatu, mara chache zaidi. Ndiyo maana nyumba za kale za pwani zina vyumba virefu na vyembamba.

Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo kwa mduara, kurundika matumbawe juu yake na kuwasha moto. Majivu meupe yaliyobaki yalimwagiwa maji na kuachwa yaive kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Kazi hii haikufa pamoja na masultani. Ghuba ya Mikindani ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya kuchoma chokaa ulishamiri katika miaka ya 1980 na 1990, wakati mji wa Mtwara ukipanuka na saruji ikiwa ghali. Ongeza hapo uvuvi wa baruti, ambao ulivuma pwani ya kusini kwa miongo kadhaa hadi operesheni za katikati ya miaka ya 2010 zilipoupunguza, na utaona kwa nini miamba ilichakaa.

Miamba hiyo ndiyo ukuta wa kwanza wa kuzuia mawimbi. Mikoko ni wa pili. Ukiichoma ya kwanza kupata chokaa ya kukarabatia msikiti, na kukata ya pili kupata boriti za dari, umeutengeneza msikiti na kuufungulia bahari mlango kwa wakati mmoja.

Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, eneo la kilometa za mraba 650 hivi kuanzia kusini mwa mji wa Mtwara hadi mpakani na Msumbiji, kwa nia ya kulinda miamba na mikoko ambayo bado iko katika hali nzuri. Wakazi wa Msimbati na vijiji vingine wanaishi ndani ya hifadhi hiyo, na kwao makatazo yana gharama: aliyekuwa akichoma chokaa au kukata nguzo ameambiwa atafute kazi nyingine. Si haki kuwataja kama waharibifu bila kusema pia kwamba majumba mengi ya mjini yalipakwa chokaa yao.

Wengine husema basi tutumie saruji. Huo ni ushauri mbaya. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu na chumvi huingia na kutoka. Saruji ni ngumu mno na hufunga unyevu ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hubanduka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Fundi akikwambia atatengeneza gofu kwa mifuko mitano ya saruji, mshukuru na umwache aende zake.

Njia iliyobaki ni kuchoma mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Hayaharibu mwamba ulio hai, na chokaa yake ni ile ile. Lakini yanataka kuni nyingi, na yanataka mafundi wenye subira ya kusubiri chokaa iive. Katika miaka ya ukarabati wa Kilwa, uliofanyika kwa misaada ya wafadhili mbalimbali ikiwamo Ufaransa, wanakijiji walifundishwa kazi hiyo, kuta zikazibwa nyufa, miti iliyoota juu yake ikang'olewa, na ufukweni kukafanyika kazi ya kupunguza nguvu ya mawimbi ambayo yalikuwa yamekwisha kula sehemu ya Gereza. Ndipo mwaka 2014 magofu hayo yalipotolewa katika orodha ya hatari.

Bahari, kwa upande wake, haijapunguza kasi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, baada ya wakazi wa mwambao wa Mtwara kutakiwa kuhama maeneo ya chini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa Lindi na Kilwa, barabara ikakatika eneo la Somanga na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Msikiti uliojengwa kwa chokaa hauogopi upepo sana. Unaogopa maji yanayotuama juu ya ukuta usio na paa na kuingia ndani polepole.

Namna ya kwenda

Mikindani haihitaji maandalizi: daladala zinatoka Mtwara mjini kutwa. Vaa kwa staha, kwani huo ni mji wa watu wanaoishi na si makumbusho. Ukitaka kuingia katika msikiti unaosaliwa, muulize mtu aliyekaa barazani akupeleke kwa imamu au mzee wa msikiti. Usiingie kwanza ndipo ujieleze. Vua viatu. Ijumaa kabla na baada ya adhuhuri si wakati wa matembezi. Kina mama wajifunike kichwa, na wasishangae wakielekezwa sehemu tofauti. Picha za watu hupigwa kwa idhini.

Kwa Kilwa, mabasi ya Mtwara kwenda Dar es Salaam hupita Nangurukuru, na kutoka hapo magari madogo huingia Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamewekwa chini ya usimamizi wa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kibali hupatikana Masoko kabla ya kuvuka, na mgeni hufuatana na mwongozaji. Mtanzania hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Usiokote vigae vya vyungu wala kauri, hata viwe vimetapakaa miguuni pako kama changarawe. Ni kosa kisheria, na kila kigae kinachoondoka hupunguza kile ambacho watafiti wanaweza kukijua. Makaburini usiketi. Ukikuta kitambaa kimefungwa au ubani umeachwa, upite pembeni uache kilivyo.

Panga kuvuka asubuhi. Songo Mnara iko mbali zaidi na inataka siku nzima, pamoja na maji ya kunywa na viatu visivyoogopa matope, kwa sababu kutoka mashua hadi nchi kavu mara nyingi ni kutembea ndani ya maji kupitia mikokoni. Saa ya kurudi haipangwi na mgeni wala na mwongozaji. Inapangwa na nahodha, naye hutazama maji: yakianza kutoka, atakuita hata kama hujamaliza picha zako.